NENO LA KARANI: JE, CHAMA CHETU KIMEKWISHA KUIVA?

Jumamosi moja, yapata miezi minne sasa, nilikuwa nyumbani nikipiga pasi shati la kuendea kanisani, mara nikasikia hodi. Nilipofungua mlango nikamwona mzee mmoja ambaye alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu baba yangu. Alivaa koti ijapokuwa jua lilikuwa kali, na kwapani alikuwa na bahasha ya kaki iliyofungwa kwa uzi wa katani. Nikamkaribisha, nikamtilia chai. Baada ya kuulizana habari za nyumbani na za mvua, aliifungua bahasha akazipanga karatasi zake mezani.

“Mwanangu,” akasema, “wewe wakaa na karatasi za Serikali kila siku. Zitazame hizi, kisha utuambie kama tukizipeleka tutapewa hati.”

Nilimweleza kwamba mimi ni karani tu, tena wa idara nyingine kabisa. Si Msajili, wala siketi karibu na meza ya Msajili. Mzee akacheka. “Najua,” akajibu. “Kama ungalikuwa Msajili nisingalikuja kwako nyumbani.”

Neno hilo lilinipendeza, nami nikakubali kuzisoma.

Yafaa nieleze kwanza chama chenyewe ni cha namna gani, ila jina lake nitalificha, na sababu mtaiona mbele. Ni chama cha mafundi na wachuuzi walio kando ya barabara moja huku kwetu Eastlands, mahali mitaa miwili inapopakana. Wapo wanaotengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi, wapo wa majiko, wapo wa vitanda na malango ya chuma, na maseremala wachache. Kati yao wamo akina mama wanaouza mboga, chapati na githeri, na wengine wauzao nguo za mitumba wanazozinunua Gikomba alfajiri. Chama kina miaka sita. Kila mtu hutoa shilingi 50 kwa juma.

Kwa nini wanataka hati sasa, na si mwaka juzi? Mzee alinipa sababu tatu. Kwanza, wamesikia kwamba vibanda vikijengwa vitagawiwa vyama vilivyoandikishwa tu. Pili, wanataka mkopo, na kila dirisha wanalokwenda wanaulizwa karatasi. Tatu, na hii ndiyo iliyowauma zaidi, mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni alikuja kuwaagiza vitanda 80 vya chuma, akavipenda mno, lakini alipouliza stakabadhi itaandikwa kwa jina la nani, hakuna aliyeweza kumjibu. Vitanda 80, wasomaji! Kazi ya miezi miwili kwa mafundi kumi ikaondoka na gari la shule.

Mambo haya si mageni katika mji wetu. Mwaka 1945 ilitungwa sheria mpya ya vyama vya ushirika iliyowafungulia Waafrika mlango, na miaka miwili baadaye, 1947, Bwana Oginga Odinga na wenzake waliandikisha shirika lao la Luo Thrift and Trading Corporation, ambalo baadaye lilikuwa na mtambo wa kupiga chapa hapa Nairobi. Wazee wa Kaloleni na Pumwani walijua kwamba fedha za watu wengi zikikaa bila daftari hugeuka kuwa fedha za mtu mmoja.

Tena tazameni Kamukunji, mahali ambapo jina lenyewe limekwisha kuwa neno la kawaida la mkutano wa watu. Mafundi wa pale walifua chuma juani miaka mingi, na huko ndiko jina la jua kali linakotoka. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Ulimwenguni lilitoa taarifa yake juu ya ajira katika Kenya, ikasema wazi kwamba watu hawa wanaofanya kazi bila leseni wana faida kwa nchi, nao wasifukuzwe bali wasaidiwe. Lakini taarifa ni karatasi. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi alifika Kamukunji, akawaona, akaahidi kwamba watajengewa mabanda ya kuwakinga na jua. Nayo yakajengwa, yakaitwa ya Nyayo. Baada ya hapo mafundi wa miji mingine walihimizwa nao waunde vyama, maana Serikali haiwezi kusema na watu elfu moja mmoja mmoja. Yataka mlango wa kubisha. Na penye kibanda cha kugawa, orodha ya majina ndiyo huwa kila kitu. Neno hilo mlishike, maana nitalirudia.

Siku hizi sheria inayowahusu ni ile ya Biashara Ndogo na Ndogo Zaidi ya mwaka 2012, ambayo iliunda Mamlaka yake na kuweka Msajili wa vyama vya namna hii. Sheria hiyo ilipotungwa ilisema kwamba biashara ndogo zaidi ni ile yenye watu wasiofika kumi na mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka. Fundi wetu wa masanduku yumo humo, na mama wa chapati yumo humo vilevile, hata kama yeye mwenyewe hajioni kuwa mwenye biashara. Wako wengi mno. Hesabu iliyofanywa na idara ya takwimu ya taifa mwaka 2016 ilikuta biashara ndogo na za kadiri zapata milioni 7.4 nchini, na kati yake zilizokuwa na leseni zilikuwa milioni 1.56 tu.

Milango mingine ipo. Kikundi cha jamii cha watu wasiopungua kumi chaweza kuandikishwa kwa sheria ya mwaka 2022. Wale ambao shauri lao kubwa ni kuweka akiba na kukopeshana, heri waende upande wa ushirika, ambako wako wakaguzi wanaojua kazi hiyo. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni watu kwenda mlango wowote uliowazi bila kujiuliza chama chao ni cha kazi gani. Nilimwuliza mzee swali hilohilo, akafikiri kitambo, akasema, “Ni cha watu kutoondolewa kando ya barabara.”

Hapo yanipasa kusema bila kuficha. Watu wengi huidhania hati kuwa hirizi. Hati haizuii tingatinga. Kuandikishwa kwa chama hakukipi chama ardhi, wala hakuhalalishi kibanda kilichojengwa katika hifadhi ya barabara. Kunakipa chama jina, na jina hilo laweza kuandikiwa barua, kufungua hesabu benki, kufanya mapatano na shule, na kuketi mezani na watu wa kaunti kabla tingatinga halijawashwa. Hayo si madogo, lakini si hirizi. Mzee alisikiliza, asijibu.

Basi nikaanza kusoma.

Karatasi ya kwanza ilikuwa katiba, imepigwa chapa vizuri, kurasa kumi na moja, na mhuri wa bluu juu. Nikafurahi. Nilipofika ibara ya 14 nikasimama. Ibara hiyo ilisema kwamba kila mwanachama atazitunza nyavu na mitumbwi ya chama, na atakayepasua wavu kwa uzembe atalipa. Nikamtazama mzee. “Mnavua samaki katika Mto Nairobi?” nikamwuliza. Alichukua miwani yake, akaisoma ibara ile mara mbili, na nikaona uso wake umebadilika. Katiba ile ilinunuliwa. Nitaeleza baadaye ilinunuliwa kwa nani.

Wasomaji, katiba ya chama si urembo. Siku ya amani hakuna anayeisoma. Lakini siku mwenyekiti na katibu wanapogombana, au fedha zinapopotea, hiyo ndiyo peke yake inayosema nani aitishe mkutano, wangapi watosha kupiga kura, na mtu aliyefukuzwa apeleke wapi malalamiko yake. Kurasa tatu zilizoandikwa na wanachama wenyewe, kwa maneno wanayoyaelewa, zina nguvu kuliko kurasa kumi na moja za wavuvi wa mahali pengine.

Baada ya katiba ikaja orodha ya wanachama, nayo ilikuwa na majina 71. Nilimwomba mzee tuyapitie moja moja, na kazi hiyo ilituchukua mpaka taa zikawashwa. “Huyu?” “Amefariki, Mungu amrehemu.” “Huyu?” “Alirudi kwao Kitui.” Tisa walikuwa wamekufa au wamehama, na wanne mzee mwenyewe hakuwajua. Wakabaki 58. Nikauliza kama hao 58 ndio wanaotoa shilingi 50 kila juma. Akasita. Akasema wako na akina mama, 14 kwa hesabu yake, ambao hutoa tangu mwanzo na hawajaacha hata juma moja, lakini hawamo katika orodha.

“Kwa nini hawamo?”

“Wale si mafundi. Ni wasaidizi.”

Hamsini na wanane na kumi na wanne ni 72. Mnaona mambo haya yalivyo? Orodha ilisema 71, na ukweli ulikuwa 72. Mtu anayehesabu tu vichwa angaliona kwamba orodha ni sawa, amekosea kwa mmoja. Lakini watu hawakuwa wale. Wafu walikuwa ndani na wenye kulipa walikuwa nje. Na kama vibanda vingaligawiwa siku ile kwa orodha ile, akina mama 14 wangalibaki juani, na vibanda tisa vingalipewa majina ya marehemu na ya waliohama, maana yake vingalipewa yeyote aliye karibu na orodha.

Kumbukumbu za mikutano zilikuwa zimeandikwa kwa mkono mzuri sana. Katibu wao ni kijana aliyesoma. Ila zilitiwa sahihi na mtu mmoja tu, na katika mikutano mitatu hazikutaja ni watu wangapi waliohudhuria. Hayo yarekebishika kwa siku moja, sitayasemea sana.

Nikaja kwenye fedha. Daftari la hesabu lilisema chama kina shilingi 186,400. Karatasi ya benki ilisema 41,000. Nilitua kalamu. Mzee akaniambia upesi, “Usituhesabu wezi, mwanangu. Twende ukamwulize mweka hazina.”

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilikwenda. Mweka hazina wao ni mama mmoja mwuza chapati, mmoja wa wale 14. Ndiyo, mlisoma vema: alikuwa mweka hazina wa chama ambacho jina lake halikuwamo katika orodha yake. Walimchagua kwa sababu haibi. Alinionyesha daftari la shule lenye mistari, na ndani yake kila senti ilikuwa imeandikwa. Shilingi 62,900 zilikuwa katika simu yake mwenyewe, katika M-Pesa, nami niliziona kwa macho. Shilingi 48,000 zilitumika kumsafirisha na kumzika mwanachama mmoja aliyepigwa na umeme akichomelea lango. Shilingi 30,000 walikopeshwa watu watatu, na majina yao yalikuwapo. Jumlisheni na zile za benki, mtapata 181,900. Zilibaki 4,500. Mama aligeuza ukurasa, akasema, “Hizo mwulize mwenyekiti.” Sikumwuliza siku ile.

Yule mama ni mwaminifu kuliko watu wengi wenye mihuri. Hata hivyo nilimwambia kwamba jambo la hatari kuliko yote katika chama chao ni simu iliyokuwa mfukoni mwa aproni yake, naye alishangaa. Nikamsimulia habari ya mama yangu mzazi.

Mama yangu alikuwa katika kikundi cha akina mama 20 kijijini kwetu. Mweka hazina wao alikuwa mtu wa haki, tena mcha Mungu. Alipata ugonjwa wa ghafula akafa siku ya tatu, na fedha za kikundi zilikuwa katika simu yake. Namba ya siri alikwenda nayo kaburini. Mume wake hakuijua, na hata angaliijua, fedha zile kwa macho ya sheria zilikuwa mali ya marehemu, zimeingia katika mirathi chini ya Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981. Watoto wa marehemu walikuwa na haki kuuliza, “Nani asema si za mama yetu?” Kikundi hakikuwa na karatasi ya kuwajibu. Mama yangu alikuwa ametia humo fedha za karo ya ndugu yangu mdogo, na ndugu yangu alikaa nyumbani muhula mzima. Mpaka leo wanawake wale wawili, mama yangu na dada wa marehemu, husalimiana kwa kichwa tu wakikutana kisimani. Hakuna mwizi katika habari hii.

Mweka hazina alinyamaza, kisha akasema polepole, “Mume wangu naye haijui namba yangu.”

Nikamweleza njia iliyo rahisi: hesabu iwe ya jina la chama, benki au katika simu, na kila fedha inayotoka itiwe sahihi na watu wawili kati ya watatu, na watatu hao wasiwe wa nyumba moja. Nilitaja jambo la nyumba moja kwa sababu sahihi mbili za benki zilikuwa za mwenyekiti na binamu yake. Simu ya mtu yaweza kupokea fedha za juma, lakini ifikapo Jumatatu ziwe zimehamishwa.

Jioni ile nilimwandikia mzee barua ya ukurasa mmoja. Nilisema kwamba kwa maoni yangu, nami si Msajili, chama bado hakijaiva, na wakipeleka karatasi hizi sasa watarudishiwa, au, na hili nililiogopa zaidi, hawatarudishiwa. Watapewa hati, na hati hiyo itaupiga mhuri ubaya uliomo ndani. Niliwashauri wangoje miezi mitatu. Mzee alikuja kuichukua barua mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaondoka bila kunywa chai. Mke wangu aliniuliza kama nimemkosea mgeni. Sikujua la kujibu. Mtu huyu ndiye aliyetuchukulia mkokoteni wa vyombo tulipohamia mtaa huu, nami nilikuwa mtoto nimeketi juu ya magodoro.

Najua wako wasomaji watakaosema: karani, wewe ni mkali mno, maana watu hawa ni maskini, na kila mwezi unaopita shule nyingine inanunua vitanda mahali pengine. Nami nimelipima neno hilo. Ni kweli kwamba ofisi nyingine hutafuta dosari ndogo ili mtu arudi mara tano, na nauli ni yake. Hata Katiba ya nchi ya mwaka 2010, katika ibara ya 36, inasema kwamba chama kisinyimwe usajili bila sababu ya haki, wala kisifutwe bila kusikilizwa. Hiyo ni ngao ya raia, na kila katibu wa chama aijue. Kama kosa lingalikuwa kumbukumbu zisizo na sahihi ya pili, ningaliwaambia waende kesho. Lakini orodha yenye majina tisa ya waliokufa au waliohama na kuwaacha akina mama 14 walio hai si dosari ya karatasi.

Siku kumi na tano zikapita. Kisha kijana katibu akanipigia simu: nimeitwa kwenye mkutano.

Walikutana Jumapili alasiri katika uwanja nyuma ya vibanda, watu wameketi juu ya masanduku ambayo hayajapakwa rangi. Nilihesabu watu 49. Mwenyekiti alifungua kwa sala, kisha akaitoa barua yangu mfukoni akaisoma yote kwa sauti, hata maneno yaliyomhusu yeye. Nami sikutazamia hilo.

Ubishi wa kwanza ulikuwa juu ya akina mama. Fundi mmoja wa malango, mtu mwenye sauti kubwa, alisema kwamba wakiingizwa wauza chapati, kesho watataka kuingia na wachunga mikokoteni, na vibanda havitatosha. Watu wakapiga makofi. Hakusema uongo, kibanda kikiwa kimoja, watu wawili hawawezi kukaa. Ndipo mweka hazina akasimama na daftari lake la mistari. Hakutoa hotuba. Alisoma tu, jina na fedha, jina na fedha, tangu mwaka wa kwanza wa chama. Alipofika juma la lile tanzia, alisoma majina ya waliotoa fedha za nyongeza kwa ajili ya maziko. Wengi walikuwa wa wale 14. Mjane wa marehemu alikuwa ameketi hapohapo. Yeye sasa huuza mboga mahali pa mumewe.

Waliponiuliza neno langu nilisema moja tu: chama kinajiita cha mafundi na wachuuzi, kama wachuuzi hawamo, basi badilisheni jina kwanza, kisha muwarudishie fedha zao. Kura zikapigwa kwa kuinua mikono. Waliokubali wote wenye kulipa waandikwe walikuwa 31, waliokataa 12, na sita hawakuinua mkono. Fundi wa malango alikuwa miongoni mwa wale 12, naye ndiye aliyeshika kalamu baadaye kuandika majina, maana ana mwandiko unaosomeka.

Vijana wanaofanya kazi kwa zana za kukodi nao walileta shauri lao, lakini hilo halikwisha siku ile, na kwa maoni yangu halitakwisha upesi.

Kisha mzee akaomba aseme juu ya zile 4,500. Alisema kwamba mwaka uliopita alijiwa na mtu mmoja aliyejiita wakala, mwenye suti na begi, akamwambia kwamba hati haitoki bila mtu wa kuisukuma. Mtu huyo alimletea katiba iliyopigwa chapa pamoja na mhuri, akachukua shilingi 4,500, na simu yake haijapatikana tena. Ndiyo ile katiba ya nyavu na mitumbwi. Mzee hakuwaambia wenzake kwa sababu aliona haya. “Nilitaka niwaletee hati kama baba anavyoleta mkate,” akasema. Uwanja ulinyamaza kabisa. Fundi mmoja kijana akasema fedha zisamehewe. Mzee akakataa, akasema atalipa 500 kila juma, na iandikwe katika daftari, na apewe stakabadhi kama mtu mwingine.

Ofisi za Serikali hazina haja ya wakala. Fomu zapatikana, na ada yake inajulikana. Mtu akikuambia kwamba bila yeye hutapita, mwombe jina lake na la ofisi yake, uone kama atangoja jibu.

Wamefanya kazi miezi hii mitatu. Katiba mpya ina kurasa nne na haina mtumbwi. Orodha ina majina 72, na kila jina lina sahihi au alama ya kidole mbele yake. Hesabu ya benki ni ya jina la chama, na wenye sahihi ni watatu: mweka hazina, katibu, na fundi wa malango. Uchaguzi ulifanyika, mzee alirudishwa kitini kwa kura chache kuliko alizotazamia, na msaidizi wake ni yule mjane. Mwalimu wa vitanda hakungoja. Alinunua Kamukunji, wala simlaumu, watoto hawawezi kulala sakafuni wakingojea mhuri.

Juma lililopita walipeleka maombi yao kwa Msajili, wakaenda watatu, kwa nauli iliyoandikwa. Jibu halijaja. Jumamosi mzee alipita kwangu tena, safari hii bila koti, akanywa vikombe viwili vya chai, akanionyesha stakabadhi zake nne alizozifunga kwa uzi uleule wa katani. Zimebaki shilingi 2,500.